Taja Alama Zake

Tarehe 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima ukiacha mafua, na nyumbani wote ni wazima. Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu kwa namna yake: nilipomwambia nakuandikia, aliinua macho kutoka kwenye gazeti akasema, "Mwambie dada yangu anunue simu kama watu wengine," kisha akarudi kwenye gazeti. Nilimjibu kwa niaba yako kwamba ulikaa kwenye swichibodi ya simu ukiunganisha maneno ya watu mpaka ukastaafu, na masikio yako yalistaafu siku moja na wewe. Dada amejifungua salama, mtoto wa kike tena. Amechukua paji lako la uso. Mama anasema paji si neno, mradi asichukue na kichwa chenyewe. Naandika kama alivyosema.

Bado niko ofisi ya vitu vilivyopotea pale stesheni. Sijaharibu kitu tangu barua yangu ya mwisho, ingawa kila jioni nikishatoka narudi kuhakikisha kwamba stoo nimeifunga. Mzee wa Mihuri, mwenzangu wa kaunta ya pili, ameanza kuniita Kufuli, na sasa hata wafagiaji wananiita hivyo.

Nieleze kilichonifanya nikae niandike. Mwezi uliopita treni ya asubuhi ilituletea sanduku la kahawia lililofungwa kwa mkanda wa suruali. Mwenye sanduku aliugua njiani, akateremshwa, akafia hospitali. Polisi waliuliza huku na huku, ikaonekana alikuwa mzee aliyeishi peke yake, hakuwahi kuoa, na ndugu hawakupatikana. Kwa hiyo sanduku limewekwa rafu ya mwisho. Muda wake ukipita litauzwa kwa lundo pamoja na miavuli na magongo. Mzee wa Mihuri alilibandika namba, akagonga muhuri, akaniambia bila hata kunitazama, "Umeona, Kufuli? Mwisho wa kutooa ndio huo. Mtu anabaki namba."

Alikuwa anatania, Shangazi. Lakini tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi.

Tena kanisani vijana wameniaga. Mwenyekiti wao, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma noti, alisimama akatangaza kwamba ndugu yetu amevuka umri, wakapiga makofi, wakanipa zawadi: mashuka ya kitanda cha watu wawili. Jumapili iliyofuata watu walipogawanyika kwa vikundi, vijana waliingia chumba chao, kina mama chao, wenye ndoa chao. Mimi nilibaki uani nikijifanya nasoma tangazo la kuomba watu wafunge bomba.

Basi Mama na Mama Kamati wa kanisani wamenitafutia mtu. Ni mfamasia katika duka la dawa karibu na kanisa, anaimba kwaya. Jumamosi ya kwanza ya Mei wazee watakwenda kwao kuulizia. Nimesema sawa. Nilisema upesi sana, kama mtu anayewahi treni inayoondoka.

Kuna swali ambalo nimeliandika na kulifuta mara nyingi. Hukuolewa. Uliwahi kujuta? Na ukiugua, nani anakupa maji? Nisamehe. Ukiona si la kujibiwa, liache.

Mpwa wako.


Tarehe 27 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mtoto, na paji langu nimempa bure. Mwambie mama yako kwamba kichwa changu bado nakitumia, siwezi kukigawa sasa.

Kufuli! Wamechelewa kukupa jina hilo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukificha viatu vyako chini ya mto kila wageni walipokuja, na ukiulizwa ulisema unavilinda visichoke. Huku sote hatujambo. Mama Redio, jirani yangu wa mlango wa pili, anakusalimu. Ameongea tangu asubuhi na sasa hivi ameenda kumalizia kwa mwingine. Meza yangu imerudi kwa fundi. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, walikaa watu wengi mno Jumapili. Usishangae mistari yangu kupanda mlima, kalamu za siku hizi hazina wino wa maana.

Maswali yako mawili nimeyasoma. Mvua imenyesha vizuri sana huku.

Sasa nami nina yangu. Uliwahi kunieleza mnavyofanya kazi pale kaunta. Mtu akija akasema amepoteza mwavuli, hamumpeleki stoo achague. Mnamwambia kwanza, taja alama zake. Asiye na mwavuli hutaja rangi nyeusi na kwamba unakunjika, akitegemea bahati. Mwenye nao hukuambia kuna ubavu uliofungwa uzi mwekundu, na kishikio kilitafunwa na mbwa. Nimekumbuka vizuri?

Basi leo kaunta ni yangu, na wewe ndiye mteja. Umekuja unasema huyo mfamasia ni wako. Taja alama zake.

Jambo jingine. Barua yako ina mikunjo katikati, kama imeandikiwa gotini. Hujanunua meza mpaka leo?

Shangazi yako anayekupenda.


Tarehe 18 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani salama. Mtoto wa dada ameanza kucheka, na baba amegundua kwamba akikunja gazeti hucheka zaidi, kwa hiyo siku hizi habari za dunia hazisomwi.

Barua sikuiandikia gotini. Niliiandikia juu ya ndoo niliyoigeuza. Najua utakavyosema. Nina godoro sakafuni, kikombe kimoja, sahani moja, na dirishani nimebandika karatasi za kaki. Si kwamba mshahara haunitoshi. Ni kwamba kila nikisimama mbele ya duka la samani najiambia, nitanunua nikioa. Pazia nikioa. Sufuria ya pili nikioa. Hata mashuka yale ya zawadi sijayafungua, bado yana pini.

Umeniuliza alama. Ni mcha Mungu. Ana tabia njema. Ni mpole, anaheshimu wakubwa, si mrefu wala si mfupi. Anaimba kwaya. Nadhani hayo yanatosha. Mama Kamati alisema yanatosha.

Shangazi, nisifiche, barua yako iliniuma kidogo. Nimekuuliza habari za ugonjwa, umenijibu habari za mvua. Mimi siulizi kwa udadisi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini napiga magoti naomba jambo moja tu: Bwana, usiniache nikabaki rafu ya mwisho. Kisha naenda kazini, na kazi yangu ni kufuta vumbi rafu ya mwisho.

Tafadhali nijibu kabla ya Mei.

Mpwa wako.


Tarehe 16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Posta wamenihakikishia kwamba barua ya Machi ilifika. Baba anasema umekasirika. Mama anasema hujakasirika, unapumzika kutokana na maswali yangu. Mimi nasoma tena nakala niliyobaki nayo, natafuta neno lililokukera, na kwa kuwa nalitafuta naliona kila mahali.

Kama ni lile la mvua, nalifuta.

Suti ya baba imepelekwa kwa dobi kwa ajili ya ile Jumamosi. Mama ameanza kuhesabu viti. Jana nilimwona Mama Kamati sokoni, akaniita "bwana harusi" mbele ya watu, nami nikajificha nyuma ya magunia mpaka akapita. Sijui kwa nini nilijificha. Furaha haimfanyi mtu ajifiche.

Andika hata mstari mmoja.

Mpwa wako.


Tarehe 22 Aprili

Kwako Karani,

Salamu. Usishtuke, mwandiko huu si wa shangazi yako. Ni wangu, jirani yake wa mlango wa pili, yule mnayemwita Mama Redio mkidhani sijui. Yeye anasema, mimi naandika. Ameniapisha niandike maneno yake tu nisiongeze langu hata moja. Nimeapa. Anaanza.

Mwanangu, marahaba. Mimi ni mzima kabisa. (Si mzima. Amepasuliwa macho, mtoto wa jicho, kwanza la kulia na baadaye la kushoto. Barua yako ya Machi ilimkuta haoni hata saa ya ukutani. Nikamwambia nimsomee, akakataa, akasema barua ya mpwa wake haitatangazwa redioni. Ameilalia chini ya mto mpaka ilipofika hii ya pili, ndipo akashindwa, akanipa zote.)

Nilikaa kimya kwa makusudi. Nilijua ukisikia niko kitandani utasema, haya, ndio mwisho wa asiyeolewa, nawe ungemkimbilia huyo binti kama mtu anayekimbia mvua. Nilitaka nipone kwanza ndipo nikuandikie kwa mkono wangu. Nilikosea. Nimekuachia woga wako peke yako, na hilo silo nililokusudia.

Uliuliza nani ananipa maji. (Hili acha nijibu mimi. Asubuhi nampa mimi. Mchana anakuja yule dereva wa teksi aliyewahi kulala sebuleni kwake, baba yake alipomfukuza. Jioni wanakuja wale dada wawili wa benki, nao hugombana nani apige pasi. Dawa ya macho anatiwa na mwalimu wa hesabu, kwa kuwa ndiye pekee asiyezidisha matone. Juzi mgonjwa ametuomba kwa heshima tupumzike kumnywesha maji.)

Anasema nifute hayo. Sifuti.

Uliuliza kama nilijuta. Najua watu wamenitungia mchumba aliyekufa, na hadithi yenyewe ni tamu, hata mimi huisikiliza. Mchumba huyo hayupo. Walionitaka sikuwataka. Niliyemtaka alimtaka mwenzangu wa zamu, na simu zao ni mimi niliyekuwa nikiziunganisha. Nililia. (Hapa nimejifanya natafuta kalamu.)

Saa yangu mbaya, mwanangu, ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Watu wanatoka langoni kwa familia, kila familia na kelele zake, wanakwenda kula. Mimi nashika njia na Biblia yangu, na njia nzima namlaumu Mungu. Nilifanya hivyo miaka mingi, nisikudanganye. Chumba changu kilikuwa ndugu wa chumba chako. Siku moja nilichoka kumsubiri mtu ndipo ninunue meza. Nikanunua kubwa kuliko akili, fundi akalazimika kung'oa mlango ili ipite. Jumapili iliyofuata nilisimama pale langoni nikatazama ni nani mwingine anayeshika njia peke yake. Walikuwepo. Walikuwepo siku zote, ila miaka yote hiyo nilikuwa najitazama mimi. Nikawaita mezani, na hao ndio wanaoninywesha maji leo.

Mtume aliyesema kutoka gerezani kwamba ameridhika, alisema pia kwamba alijifunza. Nimeshikilia hapo. Kama yeye alijifunza, basi alianza akiwa hajui. Mimi mpaka leo kuna Jumapili nafeli. (Hafeli. Hukunja tu sura kidogo mpaka chai ichemke.)

Sikukatazi kuoa. Kuoa ni kwema, na ukioa nitakuja, nitakaa mbele, nitapiga vigelegele kuliko Redio. Lakini soma tena ulichoniandikia. Mcha Mungu, mpole, si mrefu wala si mfupi. Mwanangu, umeniletea mwavuli mweusi unaokunjika. Wewe mwenyewe ungempa mtu huyo kitu kwa maelezo hayo?

Jumamosi hiyo iko karibu. Fikiri upesi, ogopa polepole.

Amemaliza. Mimi naongeza moja tu: njoo umwone. Na ukija, mimi napenda sukari nyingi kwenye chai.


Tarehe 12 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Nilikasirika kwa jinsi ulivyonificha habari za macho yako. Nilikasirika kwa siku nzima, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ngumu. Sasa imekwisha. Nyumbani ni wazima wa mwili. Wa roho nitakueleza.

Barua yenu ilifika Jumamosi, wiki moja kabla ya ile siku. Kesho yake nilikwenda kanisani mapema nikakaa safu ya mbele kabisa, nikiwa na nia ya kukusanya alama. Kwaya ikaingia. Nilitazama mstari wa kwanza, wa pili, wa nyuma. Hayupo. Baada ya ibada nikamuuliza mpiga kinanda. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kanisa liko wapi.

"Mfamasia? Mbona aliacha kwaya tangu mwezi wa pili. Koo lilimsumbua."

Tangu mwezi wa pili, Shangazi! Wakati nakuandikia kwamba anaimba, alikuwa ameshaacha. Jumapili zote hizo nimekaa nyuma nikisikiliza kwaya, mimi niliyetaka kumposa, na sikugundua kwamba hayupo. Mteja akija kwangu kudai kitu ambacho hakujua hata kama kimepotea, namwita mlinzi.

Jumatatu, saa ya chakula, nilikwenda duka la dawa. Nilipanga mstari. Nilikuwa na maneno tayari kichwani, nilipofika dirishani yakatawanyika.

"Cheti chako?" akauliza.

"Sina."

"Unaumwa nini?"

"Hakuna. Mimi ni... kuna wazee wa nyumbani kwetu ambao..."

Akaweka chini chupa aliyoshika. "Wewe ndiye wa mashuka?"

Kumbe kanisa zima linajua. Nikasema ndimi.

"Sasa nikuulize, kaka yangu. Mama Kamati ananiambia nimependwa. Nimependwa lini? Na nani alikuwepo? Maana mimi sikuwepo."

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Wazee hawatakuja. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu, nikataka kukutumia wewe kama... sijui kama nini."

"Kama dawa," akasema. "Bila hata kusoma karatasi ya maelezo." Kisha akashusha pumzi, mabega yote yakashuka pamoja nayo. "Ahsante Mungu. Unajua nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kukukatalia? Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ni hotuba nzuri, inasikitisha kuipoteza."

Nikamwambia naomba niisikie. Akaisema yote, pale pale, kwa sauti ya upole iliyokwaruza kidogo. Aliniita ndugu katika Bwana kila baada ya sentensi. Ilipofika mahali pa kuniombea heri, mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Jamani, mkishamaliza kuachana, mimi nasubiri dawa ya kikohozi."

Nilicheka njia nzima mpaka kazini. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka nikiwa natembea peke yangu.

Kumwambia Mama ndiko kulikonitetemesha. Alisimama na sinia mkononi, akanitazama mpaka nikatamani kujificha nyuma ya magunia. Akasema, "Endelea hivyo hivyo. Utaishia kama shangazi yako." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilisema, "Nitashukuru, Mama." Hajanisamehe bado, ingawa jana alinitumia chakula kwa mkono wa dada, na juu alifunika kwa kitambaa chake kizuri. Baba yeye aliichukua suti kwa dobi akaivaa kanisani, akasema pasi kama ile si ya kuachwa ipotee.

Nina habari ya sanduku pia. Wiki iliyopita walikuja watu watatu kaunta: fundi viatu, mama mmoja wa maktaba, na mwanamume wa makamo aliyevaa suruali iliyomlegea. Walikuwa wamezunguka hospitali na polisi kumtafuta mwenzao aliyesafiri asirudi, wakaelekezwa kwetu. Nikawauliza undugu wao na marehemu.

"Hatuna," akasema fundi viatu. "Tulikuwa tunasali naye kila Alhamisi, dukani kwangu."

Nikasema, kama kanuni ilivyo, tajeni alama.

Yule wa suruali akawa wa kwanza. "Limefungwa kwa mkanda wangu. Bawaba ya sanduku ilivunjika jukwaani, treni inaita, nikavua nikampa. Nilirudi nyumbani nimeshika suruali kwa mkono."

"Ndani kuna kinanda cha mdomo," akasema mama wa maktaba, "amekitia ndani ya soksi. Ya bluu. Nilimfumia mimi."

"Ya kijani," akasema fundi viatu.

"Mimi ndiye niliyefuma, wewe unaniambia kijani?"

Nililifungua. Kinanda kilikuwa ndani ya soksi ya bluu, nayo ilikuwa ndani ya soksi ya kijani. Mama yule aliishika akaanza kulia, na fundi viatu akamwambia taratibu, "Haya, umeshinda nusu."

Kanuni inasema apewe ndugu. Unajua mimi na kanuni. Nilipanda kwa mkuu wetu, magoti yakigongana, nikamwomba ruhusa kwa maneno niliyoyatunga ngazini: kwamba kama kuna mwenye haki ya kitu, ni yule anayezijua alama. Alinikazia macho, akasema, "Kufuli, leo umekuja kufungua?" Akaidhinisha. Mzee wa Mihuri akagonga muhuri wake. Walipokwisha kuondoka na sanduku wamelishika watatu, kila mmoja upande wake, akasema, "Kumbe alikuwa na watu."

Shangazi, nimenunua meza. Inapita mlangoni, mimi si jasiri kama wewe. Nimenunua na viti, na vikombe, na sufuria ya pili. Mashuka nimeyafungua. Moja ni pazia. Jingine ni kitambaa cha meza, linafika sakafuni pande zote, meza inaonekana imevaa kanzu. Jumapili iliyopita nilisimama langoni nikatazama. Alikuwepo mpiga kinanda, ambaye kumbe hula mkate mkavu chumbani kwake kila Jumapili. Alikuwepo fundi umeme mgeni ambaye hakuna aliyewahi kumsemesha. Mfamasia alikuja na mwenzake anayeishi naye, akasema anakuja kukagua mashuka. Mwezi ujao anakwenda masomoni, na koo lake linapona. Niliunguza chakula. Walikila.

Kiti kimoja kilibaki kitupu. Zamani ningesema hicho ni cha mke na ningekitazama mpaka wageni waondoke. Safari hii nilikitundikia koti.

Siku hizi ombi langu la asubuhi limekuwa fupi. Namwambia tu Bwana kwamba niko hapa. Bado narudi kuitazama stoo, sitaki udhani nimekuwa mtu mwingine. Na kama siku moja nitaoa, nitakuwa nimeshatundika pazia.

Macho yakoje? Nijibu macho, usinijibu mvua.

Mpwa wako.


Tarehe 3 Juni

Kwa Karani wa Vitu Vilivyopotea.

Marahaba. Macho yanaona. Yanaona mpaka vumbi ambalo Mama Redio amekuwa akiniambia amelifuta. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa mistari iliyonyooka, hivyo kalamu naziomba radhi.

Barua yako ilisomwa mezani mbele ya wote, kwa idhini yangu. Dereva wa teksi amesema kuhusu ile hotuba ya mfamasia, anaomba nakala, huenda akaihitaji.

Mimi sasa ninaandika kikazi. Kuna mtu alikuwa amepotea na nimesikia yuko kwenu. Najua utaratibu, sitegemei bahati, kwa hiyo nataja alama.

Ana kovu kidevuni. Alilipata akiwa mdogo, chini ya meza yangu, alikojificha kwa sababu glasi ilivunjika na aliyeivunja ni mwingine. Akigonga kiti hukiomba samahani. Akicheka hufunika mdomo, kana kwamba kicheko amekiazima. Anaimba sauti ya tatu, chini chini, akidhani hasikiki. Alipokuwa darasa la kwanza alinipigia simu kule swichibodi kila siku akitoka shule, haulizi kitu, anasema tu, "Nimefika," anakata. Wakubwa wangu walinionya kuhusu simu hizo. Nilizipokea zote. Ni mwoga, na mahali anapoogopa kwenda, hatimaye huenda, magoti yakigongana.

Kama mnaye, msinipe. Sijaja kumchukua. Mimi ni jirani tu niliyebahatika kuzijua alama. Mwenyewe ni yule aliyezitia, na yeye hajawahi kukosea stoo. Nimetaka tu iandikwe kwenu kwamba huyu hakuwa wa kuuzwa kwa lundo.

Njoo mwezi wa saba. Meza imetoka kwa fundi.

Shangazi yako.


Tarehe 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Maelezo yamelingana. Hukutaja kovu liko upande gani, na Mzee wa Mihuri anasema kwa kosa hilo yeye angekurudisha nyumbani ukafikiri upya, lakini alisema hayo huku amegeukia ukutani, na alichukua muda kugeuka.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa vizuri, viwiko vyote viwili mezani. Kisha nilikwenda stesheni kusimama kwenye kaunta bila sababu yoyote.

Mama amekuja. Hakusema anakuja. Alikagua sufuria, akalivuta lile shuka la meza, akasema limekaa vibaya, akalipindia ncha kwa sindano mpaka likanyooka. Alipoondoka aliuliza Jumapili ijayo tutakuwa wangapi, ili ajue apike kiasi gani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nitapika kingi."

Leo ndiyo Jumapili yenyewe. Nilikusudia kuandika barua ndefu, ila nasikia viatu kwenye ngazi, na mpiga kinanda anabishana na fundi umeme kuhusu nani abebe mkate. Sasa wanagonga. Nawaambia wasukume tu, haujafungwa.

Nimefika.

Kufuli.